Takwimu za Kujipakulia

Nchi hii haipo. Nasema mapema hivi ili nisije nikaitwa mahali nikaulizwa ni ipi. Haina jina, haina bendera, na ramani yake, kama utakavyoona, ina tabia ya kupoteza miji. Lakini ina Shirika la Taifa la Maji, na mimi ndiye mshereheshaji wa Shirika hilo. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti kwenye hafla, kutaja vyeo vya wakubwa bila kuruka hata kimoja, na kuwaonyesha watu ni wakati gani wa kupiga makofi. Maji yenyewe si idara yangu. Kusema kweli, kwa muda wote niliokaa pale sijajua ni idara ya nani.

Zamani Shirika letu lilipika takwimu, kama yanavyofanya mashirika yote yenye heshima. Kila ripoti ilipokaribia, wakuu wa kanda waliingia jikoni. Huyu anatia chumvi kwenye visima, yule anakamulia nazi kwenye mabomba, mwingine anakoroga, na ripoti ikiepuliwa inanukia hadi ikulu. Mkuu wa Nchi alizila ripoti hizo mwaka baada ya mwaka, zikamkaa vizuri mwilini. Kisha siku moja, sijui nani alimtia maneno, alisimama uwanjani mbele ya taifa zima akafoka: "Nimechoka na takwimu za kupikwa!"

Shirika likaingiwa na baridi. Bodi iliitwa kwa dharura, na kikao kikaanza na chai. Mjumbe mmoja aliuliza kama Mkuu sasa anataka takwimu mbichi. Mjumbe mwingine, ambaye ni msomi wa falsafa, akaonya kwamba takwimu mbichi huumiza tumbo na hazijawahi kuliwa na mtu mzima serikalini. Ikabidi waagizwe washauri kutoka nje. Wakaja, wakakaa kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, wakatafakari humo bwawani, na mwishowe wakatoka na jibu. Kula si kosa, walisema. Kosa ni kupika. Kuanzia sasa takwimu zote za Shirika zitawekwa mahali pamoja, hakuna atakayepika, na kila mkubwa atajipakulia mwenyewe.

Mfumo ukaitwa JIPAKULIE. Vijana wa kompyuta walinieleza kwamba kupakua ni kushusha kitu kutoka mtandaoni. Mkurugenzi Mkuu wetu, Dakta Ndilanha, alilielewa neno lile kwa maana yake ya kwanza, ile ya sufuria na mwiko, na kwa jinsi alivyoutumia mfumo baadaye sioni alikosea wapi.

*

Kabla ya hapo takwimu zilikaa kwenye makabati. Washauri walisema kabati ni ushamba. Kampuni zote za kisasa duniani, walisema, huhifadhi takwimu zao kwenye wingu. Basi makabati yakapigwa mnada, makabrasha yakachukuliwa na wauza karanga, na kwa kipindi kirefu mtu akinunua karanga mjini alipewa na historia ya kisima fulani bila kuongeza senti.

Siku ya uzinduzi alikuja Mheshimiwa Waziri wa Maji mwenyewe. Nilimtaja vyeo vyake vyote, ikachukua muda, kisha akasimama, akajipangusa jasho.

"Ndugu wananchi," alisema, "wahenga wetu hawakuwa wajinga. Walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Leo hii, Shirika letu la Maji limepata wingu lake!"

Nikaashiria makofi.

"Wapo wanaonong'ona kwamba wingu hilo tumelikodi. Ni kweli, tumelikodi, na liko nchi za nje. Lakini nawahakikishia, mvua yake itanyesha hapa hapa!"

Nikaashiria makofi tena, marefu. Mama mmoja wa safu ya nyuma alinyanyua uso akatazama juu. Hakukuwa na kitu. Jua lilikuwa kali hata viti vya plastiki vilinuka.

Siku hiyo hiyo ilitangazwa kanuni ya maboza, yale malori ya tangi. Boza la maji litapelekwa tu mahali ambapo ramani ya mfumo imeonyesha rangi nyekundu, yaani pasipo na maji. Kijani maana yake maji yapo. Hakuna tena kuomba boza kwa mdomo, kwa ujamaa wala kwa kujuana. Kanuni ile aliitunga Dakta Ndilanha mwenyewe, na niliipenda sana. Niliipigia makofi bila kuashiriwa na mtu.

*

Kila mkubwa akawekewa kioo kipana cha kompyuta ofisini, na ndani ya kioo mna chujio. Hata asiyejua kompyuta angeelewa: unachagua kipite nini na kibaki nini, kama unavyochuja tui. Mkurugenzi wa Mabomba alichuja mabomba yaliyopasuka, akabaki na mabomba mazima. Mkurugenzi wa Wateja alichuja wateja wanaolalamika, wakabaki wachache, lakini wachache hao walikuwa na furaha ya asilimia mia. Zamani wakubwa hawa waligombana vikaoni kwa sababu hesabu zao hazikulingana. Sasa zilizidi kutolingana, lakini ugomvi ulikwisha. "Mwenzangu umepakua upande wa mnofu," mmoja alisema, "mimi nimepakua upande wa mchuzi. Chungu si ni kimoja?" Wote wakakubali kwamba chungu ni kimoja.

Alikuwapo pia dada Gelasia, Afisa Usafi wa Takwimu. Alikuwa binti msomi, mpole, na hakuwa na ubaya na mtu. Washauri walimwachia agizo kwamba takwimu chafu zisiingie kwenye ramani, na wakamwambia uchafu ni upi. Mita ikisoma sifuri, au isiposoma kitu, basi mita hiyo ni mbovu na usomaji wake ni uchafu. Fagia.

Naomba unifuate polepole hapa, maana mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa. Mahali pasipo na maji, mita haisomi kitu. Mita isiyosoma kitu ni uchafu. Uchafu unafagiliwa. Basi kila mji uliokauka ulifagiliwa, na ramani ikang'aa. Rangi nyekundu ilikwisha katika nchi yetu. Penye ukame ramani haikuonyesha wekundu wala ukijani, haikuonyesha hata jina, kama vile hapajawahi kuishi mtu. Maboza yakakosa kazi. Yakawa yanamwagilia bustani ya Makao Makuu, na moja lilikwenda kwenye harusi ya mpwa wa mjumbe wa bodi.

*

Pasipokuwa na hafla hupangwa nikae mapokezi, na ndiko nilikokuwa alipoingia mama mmoja wa makamo, mnene kidogo, kanga mabegani, vumbi hadi magotini. Alisema anaitwa Melania, ni mkunga, na anamtaka mwenye maji. Ilitokea Dakta Ndilanha anapita kwenda kula.

"Shikamoo, mama," alisema Dakta, kwa sababu hata nchi isiyokuwapo ina adabu.

"Marahaba, mwanangu. Natoka Chemchemini, wodi ya wazazi. Bomba letu limekauka tangu kiangazi cha mwaka jana. Mjamzito anakuja kujifungua na ndoo yake kichwani, na asiye na ndoo namzalisha hivyo hivyo. Glavu zimekwisha. Tulikuwa tunajipangusa kwa spiriti, nayo imekwisha. Juzi juzi mzazi ametufia kwa homa ya uchafu, binti mbichi kabisa, mtoto wake ananyonyeshwa na shangazi. Sikuja kulaumu mtu. Naomba boza moja tu."

"Pole sana, mama. Pole mno," alisema Dakta, na naapa alimaanisha. "Lakini siku hizi boza haliombwi. Hapa hatumhudumii mtu, kila mtu anajihudumia."

Akamketisha mbele ya kioo cha mapokezi. Mama Melania alivaa miwani, akasogeza ramani kwa kidole, akaipandisha, akaishusha.

"Mbona Chemchemini haimo?"

Dakta akainama akatazama. "Kweli haimo." Uso wake ukachanua. "Basi hamna tatizo, mama! Mngekuwa na tatizo mngekuwa wekundu."

"Mwanangu, mimi nimetoka huko leo asubuhi."

"Sikatai. Ila mfumo haukutambui."

Akaitwa dada Gelasia aeleze. Akaeleza kwa upole kwamba mita ya Chemchemini inasoma sifuri, na sifuri zinasafishwa.

"Mnazisafisha kwa maji gani?" aliuliza Mama Melania.

Dakta akacheka, akasema swali ni zuri lakini hilo ni suala la chanzo, mfumo wenyewe hauna kosa, na ili Chemchemini ionekane ni lazima mita isome chochote kile.

"Isome nini na bomba kavu? Mficha uchi hazai, mwanangu. Ninyi mmejifunika shuka gubigubi hadi kichwani, halafu mnatuambia hamna mimba."

Dakta aliniashiria nimsindikize. Nilimsindikiza. Mlangoni dada Gelasia alitufuata mbio, akamshika mkunga mkono.

"Mama, mita haijui maji," alisema kwa sauti ya chini. "Inajua tu kwamba kuna kitu kimepita. Hata upepo inausoma."

*

Kwamba mita zetu husoma upepo si siri. Kila mwananchi analijua hilo na kulilalamikia. Lakini Chemchemini walikuwa wa kwanza kulifanyia kazi. Mama Melania aliazima pampu ya baiskeli kwa fundi, akaichomeka kwenye bomba la wodi, akasukuma. Mita ikazunguka. Nia yake ilikuwa ndogo sana: isome kidogo, mji uonekane una maji ya kulamba tu, ramani iwe nyekundu, boza lije.

Bahati mbaya wanawake wa Chemchemini ni wachapakazi. Waliposikia pampu italeta boza, walikuja na watoto mgongoni wakapokezana kama wanaotwanga, huku wakiimba na kutaniana, na waliokuwa na waume wenye baiskeli walileta pampu zao wakafunga kwenye mita za majumbani. Kufika jioni mita za mji mzima zilikuwa zimezunguka kuliko zilivyowahi kuzunguka tangu zifungwe.

Huku Makao Makuu, kioo cha Dakta Ndilanha kiliwaka. Mji ambao jana haukuwapo, leo ulikuwa na ongezeko ambalo asilimia yake haikuenea kwenye kioo. Chemchemini ilikuwa kijani kibichi, kijani cha mchicha uliomwagiliwa.

"Mnaona!" alipaza sauti ukumbini. "Nani alisema mfumo haufanyi kazi?"

Hakuna aliyesema. Wala hakuna aliyeuliza ni kitu gani hasa kinachopita kwenye mabomba hayo. Waziri alipopelekewa picha ya ramani aliamua papo hapo kwamba Sherehe za Kitaifa za Maji zitafanyika Chemchemini, miji mingine ikajifunze. Mama Melania alipelekewa kadi ya mwaliko, akiwa mnufaika wa mfano.

*

Boza lilikwenda Chemchemini. Kanuni ilipindishwa kidogo, kwa sababu halikwenda kupeleka maji bali kutuliza vumbi. Lilitangulia mbele ya msafara wa Waziri likinyunyizia barabara, na mimi nilikuwa kwenye gari la nyuma yake. Wanawake walijipanga kandokando na ndoo zao. Walidhani ni lao. Boza likawapita polepole, likimwaga, na ardhi ile ikanywa maji yale yote bila kubakisha hata tope. Mmoja alikimbilia akakinga ndoo chini ya bomba la kunyunyizia, askari akamsukuma. Nasema wazi kwamba roho iliniuma pale. Nilikuwa na kipaza sauti mapajani na sikusema neno.

Hema lilikuwa limesimamishwa mbele ya wodi ya wazazi, na pilau limepangwa mezani kwenye masufuria makubwa, kila mtu ajipakulie, kuenzi mfumo. Maji ya chupa hayakuwapo. Itifaki ilikataza, kwani kupeleka maji Chemchemini ni kuutukana mfumo. Zilikuwapo soda za machungwa. Kando palijengwa bomba jipya lenye utepe, ili Waziri alizindue na wageni wanawe mikono hapo kabla ya kula.

Waziri alikata utepe, akafungua koki. Bomba likasema fuuuu.

Tulisubiri. Likasema fuuuu tena, refu zaidi, likampeperusha Waziri tai yake.

"Linajiandaa," alisema Waziri. Nikaashiria makofi.

Ili kujaza muda, nilitangaza kwamba sasa Mkurugenzi Mkuu atapiga picha na mnufaika. Mama Melania alikuwa anatoka wodini wakati ule ule, kanga kiunoni, mikono ameificha nyuma.

"Shikamoo, mama!" Dakta akanyoosha mkono, macho kwenye kamera.

"Marahaba, mwanangu. Ila nisamehe, mkono wangu..."

"Hapana, mama, usiogope, sisi ni watumishi wako!" Akauvuta mkono wake kutoka nyuma, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akaukumbatia hasa, huku akizungumzia ushirikiano kati ya Shirika na jamii. Alizungumza kwa muda. Wapiga picha walipotosheka ndipo aliposhusha macho.

"Ni nini hii?"

"Ya leba, mwanangu. Nimezalisha sasa hivi, na alfajiri, na jana. Sijanawa. Nilitaka kukuambia, hukunipa nafasi."

Dakta Ndilanha aliachia. Alitazama viganja vyake, vyekundu tayari na kuanza kukauka, kisha akatazama pilau, kisha viganja.

"Maji," alisema.

Wasaidizi wakageukia meza ya soda.

"Leteni maji! Maji! Jamani, maji!"

Mimi ni mshereheshaji. Mkubwa akisema, ninarudia. Nikarudia kwenye kipaza sauti, spika zote zikalia mji mzima: "Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Taifa la Maji anaomba maji!" Wanawake wa ndoo waliokuwa nyuma ya kamba walicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwenye hafla. Hakikuwa na furaha ndani yake.

"Si yapo?" aliuliza Waziri, akinyooshea kidole kioo kikubwa kilichofungwa hemani. Kioo kilikuwa kijani tupu.

Msaidizi mmoja mwenye akili nyingi alimmiminia Dakta soda ya machungwa. Damu haikutoka vizuri, lakini mikono ilinata vidole kwa vidole, na nzi wa Chemchemini, ambao nao walikuwa na kiu, wakaja wote. Dakta akaamuru simu ipigwe na kushikiliwa sikioni mwake, kwa kuwa yeye hakuweza kushika kitu.

"Boza! Lolote! Toeni la bustanini, sasa hivi!"

Simu ilikuwa na sauti kubwa, tukamsikia dereva akijibu kwa heshima zote: "Mheshimiwa, Chemchemini ni kijani. Kanuni hainiruhusu."

"Kanuni niliitunga mimi, mpumbavu wewe!"

Mji uliokaa tangu kiangazi cha mwaka uliopita bila boza ulipata boza kabla pilau halijapoa. Liliingia kwa kasi, taa zikimulika, likapiga breki mbele ya hema. Dakta Ndilanha alichutama kwenye koki yake akanawa, akarudia, akarudia tena, mpaka sabuni ikaisha. Kisha akanyanyuka, akamwashiria dereva ageuze.

"Mwanangu," alisema Mama Melania, "na mimi bado sijanawa."

Hakungoja jibu. Alisogea kwenye koki, akapandisha mikono ya gauni, akanawa viganja, vifundo, hadi viwiko, taratibu, kama mtu aliye peke yake nyumbani. Nyuma yake wanawake walikuwa wameshainua kamba na kupita chini yake na ndoo zao. Askari alimtazama Dakta, Dakta akamtazama Waziri, Waziri akanitazama mimi, kwa kuwa ratiba ilikuwa mkononi mwangu.

Nikashika kipaza sauti. Nilisema neno moja ambalo Shirika lilinifundisha, na ambalo lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya hema.

"Jipakulieni!"

Waziri akapiga makofi, akidhani ni sehemu ya ratiba.

*

Baadaye dada Gelasia alipewa kazi ya kusafisha takwimu za siku ile. Boza kwenda mahali penye kijani ni jambo lisilowezekana, na lisilowezekana ni uchafu, kwa hiyo lilifagiliwa. Pampu zilirudishwa kwenye baiskeli. Mita zikarudi kwenye sifuri, na Chemchemini ikatoweka tena kwenye ramani. Washauri wamerejea bwawani kuandaa awamu ya pili.

Ndoo za siku ile zilijaza hata tangi la wodi, na kila tangi hilo likikauka, Mama Melania hupanda gari akaja Makao Makuu. Haombi kitu, wala hagusi kioo. Huketi hapo mapokezi karibu yangu, tukaongea habari za watoto waliozaliwa, hadi Dakta Ndilanha ashuke kwenda kula.

Wiki iliyopita alikuja. Dakta alimwona akiwa bado kwenye ngazi, na kurudi juu ingekuwa utovu wa adabu mbele ya watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Melania, akasimama, akatoa mkono wake chini ya kanga akaunyoosha. Katika nchi yetu, ambayo haipo, mkono wa mtu mzima haukataliwi.

Dakta Ndilanha aliingiza mikono yake mfukoni yote miwili. Bila kugeuka akamwita mkuu wa maboza.

"Toa boza."

"Liende wapi, mheshimiwa? Ramani yote ni kijani."

"Chemchemini."

Mkuu wa maboza alitafuta kwenye kioo, akasogeza huku, akasogeza kule. "Mheshimiwa, hapo mahali hapapo."

"Napajua mimi," alisema Dakta Ndilanha.